Mlima ambao reli ya Mwanza haikuupanda

Hebu simama siku moja chini ya kilima cha Bugando umtazame mwendesha baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa. Anaanza kwa mbio, anasimama juu ya pedali, baiskeli inayumba, halafu anashuka na kuanza kusukuma. Si kwamba hana nguvu. Baiskeli yake ina mnyororo mmoja na uwiano mmoja: ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu linasonga umbali uleule, iwe tambarare au mlimani. Angekuwa na gia za kubadilisha angepanda polepole, jasho likimtoka, lakini angepanda.

Historia ya reli duniani ni historia ya mtu huyu. Chuma juu ya chuma kinateleza vizuri, ndiyo maana treni inavuta mzigo mkubwa kwa nishati kidogo. Lakini utelezi huohuo ndio adui ukifika mlimani. Wahandisi wamekuwa na majibu ya aina mbili: kubadilisha injini ili iweze mlima, au kubadilisha njia ili mlima usiwepo. Leo nataka tuangalie jibu la kwanza, lililozaliwa kwenye misitu ya Marekani na sasa linaishi zaidi kwenye reli za kuchezea bustanini. Halafu tuulize kwa nini reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilichagua jibu la pili.

Mkata magogo na reli ya mbao

Miaka ya 1870, huko Michigan, kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao aitwaye Ephraim Shay. Kazi ya magogo wakati huo ilitegemea majira ya baridi, kwa sababu magogo yaliburutwa juu ya theluji. Theluji ikiyeyuka mapema, biashara inakwama. Shay akajenga njia ya reli za mbao ili afanye kazi mwaka mzima. Tatizo likaja: injini ya kawaida ya mvuke ilikuwa nzito na ngumu, ikaziharibu reli zake za mbao.

Akaamua kutengeneza injini ya namna nyingine. Kwenye injini ya kawaida, pistoni inasukuma fimbo ndefu, na fimbo inazungusha magurudumu makubwa moja kwa moja. Yaani ni baiskeli yetu ya Bugando. Shay alisimamisha silinda wima upande wa kulia wa injini, zikazungusha shafti ndefu iliyopita ubavuni, na shafti hiyo ikapeleka nguvu kwenye kila ekseli kwa gia. Boila akalisogeza kushoto ili uzito usawazike. Magurudumu yakawa madogo, yamefungwa kwenye bogi zinazogeuka, hivyo injini ikaweza kupinda kona kali. Alipata hataza mwaka 1881, na kiwanda cha Lima, jimbo la Ohio, kikatengeneza zaidi ya injini 2,700 za aina hiyo hadi ya mwisho mwaka 1945. Washindani wake wakuu walikuwa Climax na Heisler, nao wa gia.

Injini hizi zilikuwa na mwendo wa kobe. Lakini kule Cass, West Virginia, bado kuna Shay zinazopandisha watalii kwenye njia ya zamani ya magogo yenye mwinuko unaofika asilimia 11, yaani mita 11 juu kwa kila mita 100 za mbele. Njia kuu ya treni kwa kawaida haitaki kuzidi asilimia 2.

Hesabu ya bahasha

Tuone tofauti kwa namba. Gurudumu la chuma likikaa juu ya reli kavu, linaweza kuvuta kwa nguvu sawa na kama robo ya uzito unaolielemea. Likizidisha hapo, linazunguka bure. Kwa hiyo uzito unaohesabika ni ule tu unaokaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa.

Chukua Shay ya tani 50. Magurudumu yake yote yanaendeshwa, kwa hiyo inavuta kwa nguvu ya tani 12.5. Sasa chukua injini ya kawaida ya tani 50 yenye tani 30 tu juu ya magurudumu yanayoendeshwa, na nyuma yake ina behewa lake la maji na kuni la tani 20. Hiyo inavuta kwa nguvu ya tani 7.5. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, kila tani ya treni inadai karibu kilo 64 za mvuto: 60 kwa ajili ya mlima na zilizobaki kwa ajili ya msuguano. Ukigawanya, Shay inaweza kupandisha treni ya tani 195, na ukiondoa uzito wake unabaki na mzigo wa tani 145. Ya kawaida inapandisha tani 117, na ukiondoa injini na behewa lake unabaki na tani 47. Mlima uleule, mizigo tofauti mara tatu.

Kuna faida nyingine iliyojificha. Fimbo ya pistoni inasukuma kwa vishindo: kuna nukta katika mzunguko nguvu ni kubwa mno, na nyingine ni ndogo. Gurudumu huanza kuteleza pale kwenye kishindo. Gia hufanya silinda zizunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo vishindo vinalainika na gurudumu linashika reli vizuri zaidi.

Kwa nini bustanini?

Sasa twende kwenye uwanja wa nyumba. Mwaka 1968 kampuni moja ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni kubwa za modeli kwa jina la LGB, ambazo mtu angeweza kuzitandikia reli nje, katikati ya maua na mawe. Upana wa reli hizo ni milimita 45, na modeli zilipunguzwa mara 22.5. Piga hesabu: milimita 45 mara 22.5 ni kama mita moja. Kumbe upana ule ulikusudiwa kuwakilisha geji ya mita moja, na hiyo ndiyo geji ya reli yetu ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Kwa maneno mengine, geji iliyoenea sana kwenye bustani za dunia ni geji yetu iliyopunguzwa.

Ukitaka kuijenga njia ya Tabora hadi Mwanza bustanini bila kukata hata mita moja, kilomita zake 380 hivi zitakuwa karibu kilomita 17. Utahitaji kiwanja kirefu kidogo.

Hapa ndipo fizikia inapovutia. Ukipunguza treni mara 22.5 kwa urefu, upana na kimo, uzito unapungua mara 22.5 mara tatu, yaani zaidi ya mara 11,000. Lakini mwinuko haupungui. Asilimia 4 ya bustanini ni asilimia 4 ileile ya Mau au Usambara. Na msuguano wa chuma juu ya chuma nao ni uleule, robo ya uzito. Kwa hiyo modeli inateseka mlimani kwa uwiano uleule na treni halisi. Inatii sheria zilezile, na inakupa jibu uani kwako bila kulipia mataruma.

Na uwanja wa nyumba ni mbana. Kona ndogo kabisa ya reli za LGB ina nusu kipenyo cha milimita 600. Ikuze mara 22.5 upate mita 13.5, kona ambayo njia kuu ya treni haiwezi kuiota. Ongeza mawe, mizizi na mteremko wa kiwanja, na utagundua kwamba bustani inafanana sana na msitu wa mkata magogo: pafinyu, pamepinda, pana mlima. Ndiyo maana wapenzi wa reli za bustanini wanazipenda Shay, Climax na Heisler. Kuna wanaonunua Shay kwa sababu ya sura yake, lakini wengi wanabaki nayo kwa sababu inapanda pale ambapo injini nyingine inazungusha magurudumu bure.

Mwenye bustani ana hiari ya pili: aache Shay dukani, achukue pima maji, asawazishe udongo, azungushe njia polepole mpaka mwinuko uishe. Itamgharimu jasho na nafasi, lakini baada ya hapo injini yoyote itapita. Ishike hiari hiyo, tutaihitaji.

Magogo yetu wenyewe

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kazi ya kushusha magogo milimani, na mahali pa kuangalia ni Usambara wakati wa Wajerumani. Upande wa mashariki, reli nyembamba ya geji ya milimita 750 ilijengwa kutoka Tengeni, kwenye reli ya Usambara, hadi Sigi, karibu kilomita 24, ikakamilika mwaka 1910. Mlima ulishindwa kwa zigzagi: treni inapanda kipande kimoja mpaka mwisho wa reli, inabadilishiwa njia, inapanda kipande kinachofuata kinyumenyume.

Upande wa magharibi, kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa inakata mitarakwa kwenye msitu wa Shume, mahali walipopaita New Hornow. Huko hawakuhangaika na reli. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig iliwajengea waya wa kuning'inizia mizigo, kama kilomita 9, kutoka juu msituni hadi Mkumbara kwenye reli, tofauti ya kimo ikiwa zaidi ya mita elfu moja. Magogo yalielea juu ya mabonde.

Unaona mantiki yake? Zigzagi, waya na Shay vyote ni vyombo vya mtu aliyefuata kitu kimoja. Anataka mbao zishuke. Miti ikiisha, reli inang'olewa na kupelekwa kwingine, au waya unaachwa uoze. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuchonga mlima kwa ajili ya wajukuu. Ananunua injini inayoweza mlima, basi.

Pamba iliyopanda Mau

Sasa turudi ziwani. Kabla ya 1928 Mwanza ilikuwa na bandari lakini haikuwa na reli. Waingereza walikuwa wamefikisha reli yao ya Uganda kwenye ufuko wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, mwezi Desemba 1901. Kwa hiyo hata wakati Mwanza iko chini ya Wajerumani, mizigo yake ilipanda meli hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye treni ya Waingereza, ikaenda Mombasa. Pamba na ngozi za Usukuma zilifika baharini kwa njia ya jirani.

Na njia hiyo ilikuwa na milima kwelikweli. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Kisumu, treni ilipanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500, ikateremka Nakuru kwenye mita 1,850, ikapanda tena ukuta wa Bonde la Ufa hadi Limuru, juu ya mita 2,200, ndipo ikaanza kushuka kwenda pwani. Ukuta huo ulikuwa mkali kiasi kwamba wakati wa ujenzi, kabla njia ya kudumu haijakamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba juu ya majukwaa maalumu yaliyotengenezwa ili behewa likae wima hata kama reli imelala mteremkoni.

Tuulize: kuinua tani moja ya pamba kutoka ziwani hadi kilele cha Mau kunagharimu nini? Ni mita 1,400. Kazi inayohitajika ni karibu megajuli 14. Tuseme injini ya mvuke inageuza asilimia 6 ya nishati ya kuni kuwa kazi, na kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15. Unapata kama kilo 15 za kuni kwa kila tani, kwa kuinua tu. Bado hujainua behewa lenyewe, injini, maji na hizo kuni. Na bado kuna Limuru mbele. Kila mita ya kupanda ina mtu anayeilipia. Kampuni ya meli haiilipii, wala reli haiilipii. Inakatwa kwenye bei anayopewa mkulima kule Magu au Kwimba.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilifika mwaka 1928, chini ya Waingereza. Mwinuko haukuwa sababu pekee ya kuijenga. Siasa zilikuwemo, bandari ya Dar es Salaam ilikuwa inataka mizigo, na Usukuma ilikuwa inalima. Lakini angalia njia yenyewe. Kati ya Mwanza na Tabora tofauti ya kimo ni makumi ya mita tu. Kuelekea mashariki treni inapanda taratibu hadi karibu mita 1,300 maeneo ya Itigi, inashuka ukuta wa Bonde la Ufa kati ya Manyoni na Bahi, inapanda tena kidogo Dodoma, halafu inateremka kwenda baharini. Kipimo cha kupanda kutoka ziwani hadi kilele chake hakifiki mita 200. Cha Mau kilikuwa 1,400.

Gharama yake ni urefu. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa reli ni kama kilomita 1,220, wakati Kisumu hadi Mombasa ni karibu 940. Mhandisi alilipa kilomita ili asilipe milima. Huyu ni yule mwenye bustani aliyechukua pima maji.

Pale mlima usipokwepeka

Kenya haikuwa na hiari hiyo, kwa sababu nchi yenyewe imeinuka. Haikununua Shay pia, kwa kuwa njia kuu inataka mwendo, si kobe. Ilichagua Garratt, ubunifu wa Mwingereza Herbert William Garratt, uliopata hataza mwaka 1907 na kutengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester. Garratt ni kama injini mbili zinazotazamana migongo, boila moja kubwa likining'inia katikati. Maji na mafuta vinakaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, hivyo uzito wake unafanya kazi badala ya kuburutwa, na kwa kuwa inapinda sehemu mbili, inaweza kona. Reli ya Kenya na Uganda ilianza nazo mwaka 1926, na Tanganyika ikapata zake chache mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kubwa kuliko zote zilikuwa 34 za daraja la 59, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1950 kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na tani 252 na ilipewa jina la mlima. Moja, namba 5918, Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania, imesimama leo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Ukiipunguza kwa kipimo cha bustanini ingekuwa na kilo 22, uzito wa mtoto wa darasa la kwanza au la pili.

Gia iliyoingia kwa mlango wa nyuma

Kwa hiyo Shay ilishindwa? Subiri kwanza. Mvuke ulipoondoka na dizeli kuingia, angalia kilichotokea chini ya sakafu. Kwenye kichwa cha dizeli-umeme, injini ya dizeli inazalisha umeme, na umeme unaenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kila mota inazungusha ekseli yake kupitia gia. Magurudumu ni madogo, yako kwenye bogi zinazogeuka, na ekseli zinaendeshwa zote. Fimbo ndefu za pistoni zimepotea kabisa.

Hebu soma tena maelezo ya Shay hapo juu. Ni wazo lilelile: nguvu kwa kila ekseli, kwa gia, kwenye bogi. Mkata magogo wa Michigan aliipata hoja hiyo mapema, ila mvuke ulimbana awe kobe. Mota ya umeme iliondoa kizuizi hicho. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 nazo zina gia kati ya mota na ekseli.

Na sasa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa. Ukipita maeneo ya Misungwi utaona tuta limejazwa udongo mpaka linazidi mapaa ya nyumba, na kwingine kilima kimechongwa katikati. Watu wanauliza kwa nini kupoteza hela kuhamisha udongo wakati treni ya siku hizi ina nguvu. Sasa unalo jibu. Nguvu ya treni hulipiwa kila siku, kila tani, kwa muda wote reli itakapokuwepo. Udongo unahamishwa mara moja. Anayekusudia kuondoka ananunua injini ya mlimani. Anayekusudia kukaa anachonga mlima.

Ukitaka kuhakikisha, huhitaji LGB. Tafuta bamba la chuma na kipande kidogo cha chuma bapa. Weka kipande juu ya bamba, liinue upande mmoja polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha upande ulioinuka, gawanya kwa umbali wake wa mlalo. Hiyo namba ndiyo sehemu ya uzito ambayo chuma chako kinaweza kushika. Halafu paka tone la mafuta urudie, na mara ya tatu nyunyiza mchanga kidogo. Utaelewa kwa nini dereva wa treni hubeba sanduku la mchanga, na kwa nini yule wa baiskeli, akifika nusu ya Bugando, anashuka bila aibu yoyote.